Kwa Taadhima ya Yule Asiyecheka

Mtu atokaye kutazama filamu ya vichekesho, akiulizwa na jirani yake ni nani aliyemchekesha, aghalabu humtaja yule aliyetumbukia katika pipa la chokaa, au aliyevaa suruali iliyomzidi kimo, au aliyemwagiwa uji kichwani. Wala hamkumbuki mwenzake aliyekuwa amesimama kando, kofia yake imekaa sawasawa, uso umemkunjamana kwa ghadhabu ya haki, akingoja mambo yarejee katika utaratibu wake. Usahaulifu huo ni dhuluma. Nimetazama vichekesho vingi katika maisha yangu, vya Uhindi na vya Marekani, vya Nairobi na vya Dar es Salaam, na kadiri nilivyoendelea kutazama ndivyo nilivyozidi kusadiki kwamba chale ni mfereji tu wa kicheko, na kwamba chemchemi yenyewe ni yule mtu wa pili, mwenye heshima ya kulinda. Hata filamu isiyokuwa naye, ijapokusanya machale kumi na kuwavika mavazi ya kila rangi, huishia kuwa makelele ambayo mtazamaji huyavumilia kwa sababu amekwisha kulipa kiingilio.

Ada ya kuwaweka watu wawili wasiolingana mbele ya hadhira ni kongwe mno kuliko senema. Plautus, mtunzi wa tamthilia wa Roma aliyefariki katika karne ya pili kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliwapa mabwana wakali na wazee bahili watumwa werevu wa kuwazungusha. Na waigizaji wa Italia waliokuwa wakitembea masokoni tangu karne ya 16 walikuwa na watumishi wawili, mmoja ayari na mmoja mpumbavu, ambao wote wawili wasingekuwa na kazi ya kufanya lau asingekuwako Pantalone, mzee tajiri wa Venice, mwenye majivuno mengi na mfuko uliokazwa kamba. Nasi watu wa pwani tunaye Abunuwasi. Hebu mwondoe Sultani katika hekaya za Abunuwasi, utazame kinachosalia: mtu mwenye akili apitaye njiani akisema peke yake. Ni kile kiti cha enzi, na joho, na mawaziri waliokaa safu kwa safu, na ile amri isiyo na rufaa, ndivyo viyapavyo majibu yake makali. Na msimulizi aliyeijua kazi yake, aliyekuwa akisimulia barazani baada ya sala ya isha, hakufanya haraka kumwingiza Abunuwasi katika kisa, bali alikaa kwanza na Sultani, akaieleza ghadhabu yake, akaihesabu mitego aliyoitega, akahakikisha kwamba kila msikilizaji amemwogopa barabara, ndipo akamfungulia mlango yule mwenye kanzu chakavu.

Ushahidi mwingine, tena ulio karibu nasi zaidi, ni utani. Wageni walioandika habari za utani wa makabila ya Tanganyika walistaajabu kuona watani wakifika msibani na kufanya masihara mbele ya maiti, wakiigiza mwendo wa marehemu na sauti yake, wakidai kulipwa kabla kaburi halijachimbwa wala kufukiwa. Wenyeji hawakustaajabu. Mzaha uletwao kilabuni, ambako kila mtu amekwisha kulegea, hauna pa kushika; mzaha uletwao palipo na sanda na ubani na wazee walioinamisha vichwa hupata uzito wote wa mahali pale, ukaugeuza, na wafiwa huweza kucheka kicheko ambacho hawakukijua kuwa wanacho. Msiba ndio mtu asiyecheka katika mchezo huo, na watani hawakutunga mchezo mwingine uliowafaa zaidi.

Katika senema sijui watu walioielewa siri hii kwa undani kuliko Stan Laurel na Oliver Hardy. Laurel alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa meneja wa nyumba za michezo, akavuka bahari mwaka 1910 pamoja na kundi la Fred Karno, ambalo nyota yake ilikuwa kijana aitwaye Charlie Chaplin. Na mojawapo ya kazi za Laurel katika kundi hilo ilikuwa kukaa tayari kuishika nafasi ya Chaplin siku ambayo angeugua. Hardy alizaliwa mwaka 1892 huko Harlem katika jimbo la Georgia, akalelewa na mama mjane aliyeendesha hoteli, na tangu utotoni alikuwa na mazoea ya kukaa ukumbini akiwatazama wageni: jinsi wanavyovua kofia, jinsi wanavyojitambulisha kwa mabibi, jinsi mtu mnene anavyojitahidi kukaa kitini kwa heshima. Walikwisha kuonekana pamoja katika filamu moja fupi mnamo 1921 pasipo mtu yeyote kutambua kuwa ni jozi. Mwaka 1927 ndipo walipounganishwa katika studio ya Hal Roach, chini ya usimamizi wa Leo McCarey, mtu ambaye nitamrudia.

Watazamaji wengi husema kwamba yule mwembamba ni mpumbavu na yule mnene ndiye mwenye akili. Sivyo hata kidogo. Wote wawili ni wapumbavu, na pengine yule mnene ndiye mpumbavu zaidi, kwa kuwa yeye hana habari. Laurel haitakidi nafsi yake kuwa kitu chochote. Akianguka huinuka, akikaripiwa hulia, akiisha kulia hujikuna utosini na kusahau. Hardy, ilhali mifuko yake ni mitupu na suruali yake imepasuka, anaishi kwa kanuni za muungwana wa Marekani ya kusini: humwita mwenzake kwa cheo cha bwana anapomtambulisha kwa wageni, huchezesha ncha ya tai yake anapoona haya mbele ya mwanamke, na kila wafikapo mlangoni humzuia Laurel kwa mkono ili yeye atangulie kuingia, kama ilivyo stahiki ya mkubwa, na kwa sababu hiyo ndiye aangukaye katika shimo lililo nyuma ya mlango. Halafu, akiwa ndani ya shimo, maji yamemfika kidevuni, hutugeukia sisi watazamaji na kututazama kitambo kirefu bila kusema neno, kama mtu anayewaomba mashahidi wakumbuke yote watakapoitwa mahakamani. Mtazamo ule una thamani kuliko maanguko yote ya Laurel. Angekuwa Hardy mtu asiyejali hadhi yake, lile shimo lingekuwa shimo tu.

Tazama *Big Business*, filamu yao fupi ya mwaka 1929, isiyo na sauti. Wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba chini ya jua la California, na wanafika kwa bwana mmoja, ameigizwa na James Finlayson, asiyetaka mti. Koti likibanwa na mlango mara hii, mti ukibanwa mara ile, basi ugomvi umeanza. Na ugomvi wenyewe unakwenda kwa adabu ya ajabu. Finlayson anapoivunja taa ya gari lao, wao wamesimama wanatazama kwa utulivu mpaka amalize. Kisha wao huenda kwa mwendo wa kawaida, wakang'oa kitu katika nyumba yake, naye amesimama akitazama mpaka wamalize. Hakuna amwingiliaye mwenzake katika zamu yake. Mwishoni gari limekuwa vipande na nyumba haina dirisha wala mlango, na askari polisi aliyekuwa akitazama anaandika katika daftari lake. Vurugu nyingi zilizotengenezwa baadaye kwa fedha nyingi zaidi, zenye magari mia yakigongana, hazikunipa furaha hata nusu ya ile, na sababu ni kwamba watengenezaji wake waliongeza uharibifu wakaondoa utaratibu.

Na tazama *The Music Box* ya mwaka 1932, iliyopata tuzo ya Academy ya vichekesho vifupi katika mwaka wa kwanza ambao tuzo hiyo ilitolewa. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja: wanaume wawili wanapandisha piano katika ngazi ya mawe yenye vidato mia moja na thelathini na ushei, ngazi ambayo iko hata leo katika mtaa wa Silver Lake mjini Los Angeles. Piano inateremka, wanaifuata, wanaipandisha tena. Baada ya jasho lote hilo wafikapo juu, tarishi anawaambia kwamba ipo barabara ya gari inayozunguka mpaka mlangoni. Mtu wa kawaida angecheka au angelaani. Hawa, kwa kuwa wanaiheshimu kazi na wanaiheshimu njia iliyo sahihi, wanaichukua piano ile wakaiteremsha chini yote, wakaipakia tena garini, wakaileta kwa barabara. Sijapata kuona mahali pengine ambapo utii kwa kanuni umetiwa katika mzani namna hiyo na kuonekana kuwa ni wazimu mtupu, bighairi ya neno moja la mahubiri.

Nyuma ya kamera mambo yalikuwa kinyume. Laurel, mjinga wa jozi, ndiye aliyekuwa akibuni vituko, akikesha na wahariri wa filamu, na mshahara wake ulikuwa mkubwa zaidi. Hardy alifanya sehemu yake kwa ukamilifu, kisha akaenda zake kucheza gofu. Hardy alipofariki mwaka 1957 Laurel alikataa kuigiza tena, naye aliishi mpaka 1965 akipokea wageni na barua za watu, na tuzo ya heshima ya Academy alipewa mwaka 1961. Wengi waliuhesabu ukataaji huo kuwa ni huzuni, na bila shaka huzuni ilikuwamo. Lakini mimi nadhani palikuwa pia na hesabu ya fundi anayeijua kazi yake: upumbavu wa Laurel ulikuwa hauna maana pasipo mtu wa kuukasirikia, na mtu wa kuukasirikia kwa taadhima ile alikuwa mmoja tu.

Wenye kumbi za zamani za Marekani, ambao hawakuwa wanafalsafa ila walijua fedha yao inatoka wapi, waliufahamu ukweli huu wakaulipia. Bud Abbott na Lou Costello walipoanza kushirikiana katikati ya miaka ya 1930, Abbott, mrefu, mkali, asiyetabasamu, ndiye aliyechukua sehemu 60 katika kila mia ya malipo, na Costello, ambaye ukumbi mzima ulimcheka, akachukua 40. Kwa maana desturi ya kazi hiyo ilikuwa kwamba machale wako tele, ama mtu wa kumzuia chale asipotee njiani, akamrudisha kwenye swali, akampa kitambo cha kupumua na kumnyima pale pasipofaa, huyo ni adimu. Baadaye senema ikawapa umaarufu, na mgawanyo ukapinduliwa kwa kudai kwake Costello. Tangu hapo, naona, dunia nzima imemfuata Costello.

Heshima peke yake haitoshi, lakini. Yafaa pia pawepo kifungo. Watu wawili wasiopatana, kama wana uhuru wa kuachana, wataachana katika dakika ya tano, na mtazamaji mwenye akili atajiuliza kwa nini hawakufanya hivyo. Ndiyo maana kila mtunzi hodari wa vichekesho hutumia nguvu zake za kwanza katika kuifunga kamba. Neil Simon katika *The Odd Couple*, mchezo wa jukwaani wa mwaka 1965 uliofanywa filamu mwaka 1968, aliwafunga wanaume wawili kwa nyumba moja: Felix ameachwa na mkewe wala hana pa kulala, na Oscar, naye ameachwa, anaishi peke yake katika vyumba vinane vya uchafu. Felix hupangusa, hupika, huhesabu dakika za chakula kuchelewa. Oscar humwaga majivu ya sigara popote. Walter Matthau na Jack Lemmon waliwaigiza katika filamu, na uzuri wake ni kwamba kila mmoja ana heshima ya kulinda, ila heshima zao hazikai chini ya dari moja. Billy Wilder katika *Some Like It Hot* ya mwaka 1959 alitumia kamba kali zaidi: wanamuziki wawili wameshuhudia mauaji ya majambazi wa Chicago, hawana pa kujificha ila katika bendi ya wanawake, na hivyo wanavaa magauni; asingewatia hofu ya kifo katika dakika za mwanzo, mzaha wote wa magauni ungekuwa wa watoto wa shule. Filamu za askari wawili wasiopendana waliopangwa katika zamu moja, ambazo Hollywood ilizifyatua tangu miaka ya 1980, hutumia kamba ya amri ya afisa, nayo ni kamba hafifu iliyokwisha kuchakaa. Sitapoteza wakati juu yake.

Kamba iliyo bora kuliko zote ni ndoa, na hapa ndipo namrudia Leo McCarey. Mtu huyu aliyekuwa msimamizi wakati jozi ya Laurel na Hardy ilipoundwa, miaka kumi baadaye alitengeneza *The Awful Truth*, akapata kwayo tuzo ya Academy ya mwongozaji bora wa mwaka 1937. Watu wa filamu huziweka kazi hizo mbili katika makabati mawili, moja la vituko vya kuangukaanguka na jingine la mahaba. Mimi naona ni kazi moja. Kwanza yafaa nieleze hali ya wakati ule. Mwaka 1934 Frank Capra alikuwa ametoa *It Happened One Night*, kisa cha binti wa tajiri aliyemkimbia baba yake na mwandishi wa gazeti asiye na kazi, waliosafiri pamoja kwa basi kutoka Florida. Usiku, katika chumba cha kupanga, yule bwana anatundika blanketi juu ya kamba kati ya vitanda viwili. Filamu hiyo ilizoa tuzo tano kubwa, za filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mwandishi. Mwaka uo huo, mwezi wa Julai, kanuni za maadili za Hollywood zikaanza kutekelezwa kwa ukali, na yaliyoruhusiwa kati ya mwanamume na mwanamke yakawa machache. Watunzi hawakuvunjika moyo. Palipokatazwa busu walitia ugomvi, na ugomvi ukawa ndio mahaba. Na kwa muda wa miaka kumi hivi walitoa filamu ambazo maneno yake huruka kama cheche, wala hazina hata kitendo kimoja cha kumfanya mzazi azime taa.

Katika *The Awful Truth* mume na mke, Cary Grant na Irene Dunne, wamedhaniana uongo na wamekwenda mahakamani. Lakini hukumu yao ya talaka haitimii papo hapo, bali kuna muda wa kungojea, na kisa chote kimo ndani ya muda huo. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu. Sisi tunaijua eda, tunaijua talaka rejea, tunawajua waume waliotoa talaka asubuhi kwa hasira na kurudi jioni wakipitia dirisha la jikoni kuulizia kofia waliyoisahau. Na nimejiuliza mara nyingi kwa nini watengeneza filamu wa Unguja na Mombasa hawajaichukua hazina hiyo, ambayo sheria yenyewe imekwisha kuitungia kisa, ikaweka muda, ikaweka masharti, ikaacha mlango wazi kwa kiasi. Mwanafalsafa wa Marekani, Stanley Cavell, aliandika mwaka 1981 kitabu kizima juu ya filamu za namna hii, ambamo mume na mke huachana ili wapate kuoana upya.

Lakini lililonileta kwa McCarey ni namna anavyoigawa heshima. Mume, akitaraji kumfumania mkewe, anakivamia chumba ambamo mke anaimba kwa utulivu mbele ya wageni waliovaa vizuri. Anajaribu kukaa nyuma asionekane, kiti kinamponyoka, meza inamfuata, na mke, pasipo kuukata wimbo, anauruhusu mwisho wake ugeuke kicheko chepesi. Hapo mke ndiye mwenye heshima na mume ndiye chale. Baadaye mume anataka kuposa kwa watu wakubwa, amekaa sebuleni kwao amenyooka kama muadhini, na mke anaingia akijifanya kuwa dada yake, mwanamke asiye na malezi, mwenye kicheko kikubwa, ambaye anawaimbia na kuwachezea wakwe watarajiwa mchezo wa kilabu cha usiku. Sasa mume ndiye asiyecheka. Na uso wa Grant katika kitambo hicho, akiwa amesimama wima na nusu ya tabasamu linalomtoka bila idhini, unafanana na uso wa Hardy ndani ya shimo. Inajulikana kwamba Grant hakuwa na imani na kazi hiyo mwanzoni, kwa jinsi McCarey alivyokuwa akibuni mambo pale pale kiwanjani, hata aliomba aachiliwe. Namshukuru mwenye studio aliyekataa.

Kubadilishana huko kwa zamu ndiko ambako vichekesho vingi vimewanyima wanawake. Hata Laurel na Hardy, ninaowapenda, katika *Sons of the Desert* ya mwaka 1933 waliwapa wake zao kazi moja tu, nayo ni kukasirika: waume wanadanganya kwamba mmoja ni mgonjwa ili waende Chicago kwenye mkutano wa chama chao, na wake wanangoja nyumbani na vyombo vya kurusha. Mke amewekwa awe ukuta wa kugongwa na mzaha, wala hapewi zamu ya kuurudisha. Ada hiyo imehamia kwetu kwa ukamilifu, hata mke wa mchekeshaji katika video za Kariakoo hutambulikana kwa mikono iliyoshika kiuno. Walakini pana waliokataa. Katika *Vitimbi*, mchezo wa televisheni wa Kenya uliodumu miaka mingi, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hakuwa ukuta wa Mzee Ojwang. Aliweza kuwa na haki na kuwa na kichekesho kwa wakati mmoja, na Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang mpaka alipofariki mwaka 2015, alikuwa na ukarimu wa kumpisha.

Na kwa hakika sisi hatukuanza vibaya. Waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, jozi iliyochukua jina lake katika methali inayojulikana na kila mtu, ambamo kila ayari hukutana na ayari aliyemzidi. Na ingawa hapo hapana muungwana, ipo heshima ya mwizi, yaani imani ya kila mmoja kwamba yeye hawezi kuibiwa. Kisha akaja Amri Athumani wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto. Wachekeshaji wa siku hizi wanamwiga sauti, wanamwiga kutoa macho, na wanaacha jambo lenyewe: katika michezo yake mingi alikuwa mzee anayedai heshima ya mvi zake, anayetaka kuamkiwa, anayetaka kuketishwa penye kivuli, huku tamaa ya fedha au ya msichana wa jirani inamvuta upande wa pili. Alipokutana na Sharo Milionea, kijana mwenye madaha ya usharobaro, mwendo wa kujipinda na maneno ya kujivuta, ilipatikana jozi ambayo haikuhitaji kuandikiwa mengi, kwa sababu kila nyumba ya Waswahili ina mzee wa namna ile na kijana wa namna ile, nao hula sinia moja. Sharo alifariki kwa ajali ya gari mwezi wa Novemba 2012. Majuto akafuata mwezi wa Agosti 2018.

Leo nifunguapo simu naona kipande cha dakika mbili ambamo watu watano wamejipaka masizi, wamejifunga mito tumboni, na wote wanapiga kelele kwa pamoja. Kila mmoja ni Costello. Hapana hata mmoja anayetaka awe mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi kwa adabu, au mwalimu mkuu, au shehe aliyealikwa kufungisha ndoa, au karani wa benki anayeomba saini ya tatu. Kazi hizo hupewa mtu aliyekuwa amesimama karibu, naye asijue kwamba kichekesho chote kimewekwa mabegani mwake, huchekacheka mbele ya kamera ili tujue kwamba hata yeye ni mcheshi. Hapo mchezo umekwisha kufa. Najua nitajibiwa kwamba watazamaji wanataka kelele, na kwamba vijana hawana subira. Jibu langu ni *Vioja Mahakamani*. Kwa miongo mingi watu wa Kenya, na sisi wa upande huu tuliopata kuiona, tumekaa mbele ya mchezo ambao mahali pake ni pamoja, samani yake ni kizimba na meza, na mwenye mamlaka ndani yake ni hakimu asiyecheka. Washtakiwa Otoyo na Ondiek Nyuka Kwota wakieleza jinsi mbuzi alivyoingia nyumbani mwao kwa hiari yake, hakimu huuliza saa ngapi, na mwendesha mashtaka huuliza mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Hao wanaoambiwa hawana subira walikaa wakasikiliza mpaka hukumu.

Kwa hiyo wasitafutwe machale zaidi. Wako wa kutosha. Wamarekani watatu waliotengeneza *Airplane!* mwaka 1980, kichekesho cha ndege iliyopoteza marubani wake angani, waliwaacha wachekeshaji wenye majina wakaenda kuwatafuta wanaume wa filamu za huzuni na za kishujaa, kina Robert Stack, Lloyd Bridges, Peter Graves na Leslie Nielsen, wakawaambia wayaseme maneno ya upuuzi kwa uso ule ule waliozoea kuutumia kutangaza vita. Na Nielsen, aliyekuwa ameigiza mambo mazito kwa zaidi ya miaka ishirini, akajikuta mchekeshaji mpaka mwisho wa maisha yake. Wala uzito wa mtu haukupata kuwa aibu katika senema yetu: Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alijulikana kwanza na watu wengi kwa kuigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950. Tasnia ya Dar es Salaam imejaa waigizaji wa majonzi, mabingwa wa kulia bila kitunguu, wanaojua kukaa kando ya kitanda cha hospitali kwa dakika kumi wakiwa hawajapepesa macho. Wapewe hao kesi ya jogoo aliyeibwa, wavalishwe koti jeusi, wakatazwe kutabasamu mpaka picha iishe, na malipo yao yawe sehemu 60 katika mia.